Watoto wanasema nini hasa kuhusu sayansi ya kujifunzia nyumbani?

Swali

Shikamoo Mkufunzi. Nafundisha sayansi darasa la tano na la sita katika shule ya msingi ya kutwa, bonde la Rufiji. Masika yakishika, njia hukatika, na watoto wa vitongoji vya ng'ambo hukaa nyumbani hata wiki tatu. Mwalimu mkuu anataka tuandae vipindi vya kutuma kwa WhatsApp, na wasio na simu janja tuwafikie kwa redio jamii. Kabla ya kuanza niliwauliza wanafunzi wanaonaje kujifunza sayansi kwa njia hiyo. Darasa zima likaitikia: "Ni nzuri, Mwalimu." Sikuamini. Wanafunzi wa msingi wanaonaje hasa, na nifanyeje ili waniambie ukweli?

Jibu

Marahaba, Mwalimu. Umefanya vizuri kutoliamini jibu lile. Watoto hawakukudanganya, walikustahi. Uliwauliza wote kwa pamoja, kuhusu jambo ambalo bado halijawafika, na aliyeuliza ndiye atakayefundisha. Mtoto gani wa darasa la tano atasimama mbele ya wenzake aseme, "Hapana, Mwalimu, sitaki"?

Kumbukumbu kubwa tuliyo nayo katika jambo hili ni ya mwaka 2020. Shule zetu za Tanzania zilifungwa Machi 17 kwa ajili ya korona, zikafunguliwa Juni 29. Jirani zetu walikaa zaidi: Kenya madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021, na Uganda kuna watoto waliokaa nyumbani mpaka Januari 10, 2022. Kwetu vipindi vilirushwa redioni na kwenye televisheni, na shule zenye uwezo zikatuma kazi kwa simu za wazazi. Shule zilipofunguliwa nilikuwa nikizungukia zile tunakopeleka wanachuo wetu kwa mazoezi ya kufundisha. Kila nilipopata nafasi nilikaa chini ya mti na watoto wa darasa la tano hadi la saba, mwalimu wao akiwa mbali, nikawauliza habari za sayansi waliyojifunza nyumbani.

Hakuna hata mmoja aliyezungumzia "masomo kwa mbali". Kila mtoto alianza na kitu: simu ya baba, betri za redio, bando lililokata katikati, mdogo wake aliyekuwa akilia. Simu ni ya baba, baba hurudi saa mbili usiku, na akirudi ana watu wake wa kuwapigia. Niliwapa karatasi wachore mahali walipokaa kusoma. Msichana mmoja alichora redio juu kabisa ya kabati, na yeye mwenyewe chini, mtoto mgongoni, mwiko mkononi, sufuria jikoni. Hakuchora daftari. Nilipomuuliza daftari liko wapi, alinionesha kwa kidole ile picha: "Mikono si ndiyo hiyo, Mwalimu, imejaa." Alikuwa amesikiliza kipindi kizima cha mmeng'enyo wa chakula huku akisonga ugali, na mambo mengi aliyakumbuka. Lakini hakuandika neno, na alijiona hakusoma.

Nataka uishike picha ile unapopanga saa ya kipindi. Wavulana walinilalamikia zaidi kuhusu bando, wasichana kuhusu kazi za nyumbani. Kipindi cha saa kumi jioni, wakati wa kuteka maji na kupika, umeshakipanga kwa ajili ya wavulana bila kukusudia.

Maoni ya pili ndiyo yanayoihusu sayansi kuliko somo jingine lolote, na aliyeyasema vizuri ni mvulana wa darasa la sita. Nilimuuliza tofauti ya masomo aliyosoma nyumbani. Akafikiri kidogo, akasema, "Hesabu nilifanya. Sayansi niliangalia."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi mbele ya wanachuo. Hesabu, mwalimu wa televisheni akishaonesha mfano mmoja, mtoto hubaki na penseli na daftari, na hesabu yote imo humo. Sayansi, mwalimu aliwasha mshumaa, akaufunika kwa glasi, moto ukafifia ukazimika, akaeleza habari ya hewa, kipindi kikaisha. Mshumaa na glasi vilikuwamo nyumbani kwa yule mvulana, na mama yake alikuwa jikoni, hatua chache tu. Hakuna aliyemwambia, "Sasa ni zamu yako, mwite mama akusimamie, ufanye kwa glasi ndogo, kisha kwa glasi kubwa, uhesabu ipi inachelewa kuzima." Alikaa akatazama jambo ambalo angeweza kulitenda.

Niwe mkweli kwako pia: msichana wa darasa la saba aliyekuwa pembeni aliingilia akasema, "Hata shuleni huwa tunaangalia ubaoni." Yule alinichoma, kwa sababu baadhi ya walimu wao ni mimi niliyewafundisha ualimu. Mtoto akikwambia sayansi ya kwenye simu inachosha, chunguza kwanza kama hakusudii sayansi yetu kwa ujumla. Darasani uchovu huo hufichwa na wenzake na kengele ya mapumziko. Nyumbani yuko peke yake nao.

La tatu ni swali lisilo na pa kwenda, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto mmoja, mkimya, alikuwa amesikia redioni kwamba mbegu ili iote huhitaji maji, hewa na joto. Akachukua maharage, vikopo viwili na pamba iliyoloweshwa maji. Kikopo kimoja akakiweka dirishani, cha pili uvunguni mwa kitanda, kwa akili yake mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Alitarajia cha uvunguni kisiote. Kikaota! Na zaidi ya hapo, baada ya siku kadhaa mche wa uvunguni ulikuwa mrefu kuliko wa dirishani, mwembamba, umepauka, rangi ya njano. Alinieleza akipima kwa vidole urefu wa huu na wa ule. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyelihifadhi swali muda mrefu, "Kwa nini wa gizani ulikimbia?"

Mwalimu, hilo ni swali la mwanasayansi. Mche wa gizani hutumia akiba iliyomo ndani ya mbegu kujirefusha, kama unatafuta mwanga, na ile rangi ya kijani haitengenezwi mpaka mwanga upatikane. Akiba ikiisha kabla ya kuupata, mche unakufa. Kumweleza kulinichukua dakika mbili. Lakini alikuwa amekaa na swali lile tangu Mei, kwa sababu redio husema haisikii, na shule zilipofunguliwa mada ya mbegu ilikuwa imeshapita.

Unamjua Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari huko Lushoto, aliweka kwenye friza maziwa ya moto ya kutengenezea aisikrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakuacha. Miaka baadaye alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akalifanyia majaribio maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanalibishania jambo lile mpaka leo. Mpemba alipata bahati ya mtu wa pili wa kumuuliza. Mtoto wa ng'ambo ya mto, mwenye kitochi cha bibi yake, yaani simu ndogo ya kawaida, wewe ndiye mtu wake wa kwanza na wa mwisho, kwa hiyo kipindi chochote utakachotuma kiwe na njia ya kurudi.

Wapo pia waliofurahia, tena kwa sababu zenye uzito. Mvulana mwenye kigugumizi aliniambia alikuwa akimtumia mwalimu wake maswali kwa maandishi, na kwa mara ya kwanza aliuliza kila alichotaka bila mtu kucheka. Wengine walipenda kurudia video mara tatu, nne, mpaka waelewe, jambo ambalo darasani ungeona haya kuliomba. Na wote, bila kubagua, walipenda kuona visivyoonekana shuleni: moyo ukidunda, volkano ikitapika, sayari zikizunguka jua. Hapo video inaushinda ubao wangu na wako, na hakuna sababu ya kubishana nayo. Itumie kwa vitu vikubwa mno, vidogo mno, vya mbali au vya hatari. Ila maji, mbegu, sumaku, kivuli, mvua na udongo mtoto anavyo mlangoni. Kumtumia video ya vitu hivyo ni kuchoma bando la baba yake bure.

Sasa namna ya kuwauliza. Usiulize kabla hawajaonja. Tuma kipindi kimoja Ijumaa, wakifanye Jumamosi na Jumapili, Jumatatu uwaulize kuhusu kipindi hicho hicho. Weka makopo matatu nyuma ya pazia au ndani ya ofisi, moja limeandikwa "Nilifanya kwa mikono yangu", la pili "Nilitazama au nilisikiliza tu", la tatu "Sikukipata". Kila mtoto anaingia peke yake na punje moja ya harage, anaitumbukiza, anatoka. Kisha mwage maharage mezani mhesabu pamoja, kwa sauti. Watoto wakiona kopo la tatu limejaa na mwalimu hakukasirika, ndipo midomo itafunguka.

Baada ya hapo wasemezwe kwa vikundi vidogo, wasichana peke yao na wavulana peke yao, na muulizaji asiwe wewe. Mwombe mwalimu wa somo jingine. Asiulize "mlipenda?" Aseme, "Nisimulie siku ile, tangu ulipoamka hadi kipindi kilipoisha." Mtoto asiyeweza kutoa maoni anaweza kusimulia, na maoni yamo ndani ya masimulizi. Akisema alipenda, aambiwe aoneshe. Niliwahi kukutana na watoto waliosifu sana video ya sumaku, lakini nilipowapa sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu ya redio hawakujua kama itavuta sufuria ya alumini. Walibahatisha, wakagawanyika nusu kwa nusu. Waliipenda video, na kujifunza hawakujifunza.

Na tafadhali usikusanye maoni ndani ya grupu la WhatsApp. Waliomo humo ni wale ambao njia tayari inawafikia. Aliyekosa kipindi kabisa ndiye mwenye habari unayoihitaji, na huyo utampata akirudi shuleni njia zikikauka, au kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Nikiyaweka pamoja yote niliyoyasikia, watoto hawaukatai umbali. Wanachokikataa ni kufanywa watazamaji na kutojibiwa. Ukiweza kuyashughulikia hayo mawili, hata kwa kitochi na karatasi, watakufuata.

Kazi ninayokushauri uanze nayo ni kopo la mvua, kwa kuwa mvua ndiyo itakayowaweka nyumbani. Mtoto anatafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako upana mmoja. Analiweka uwanjani, mbali na ukingo wa paa na miti, juu ya tofali ili matope yasirukie ndani. Kila asubuhi saa moja anapima kina cha maji kwa rula, anaandika kwa milimita, anamwaga, anarudisha kopo mahali pake. Mwambie aangalie rula yake vizuri: nyingi sifuri haianzii ukingoni kabisa, na kale kanafasi kadogo kanapotosha kipimo. Mtoto akiligundua hilo mwenyewe, ameshajifunza juu ya vipimo kitu ambacho ubaoni ningekisema akakisahau.

Kisha mpe fumbo. Aweke makopo mawili yaliyonyooka, moja pana na moja jembamba, ubavu kwa ubavu. Kabla mvua haijanyesha aandike: lipi litakuwa na kina kirefu zaidi? Wengi wataandika lile pana, kwa kuwa linapokea maji mengi. Asubuhi watakuta kina ni kile kile, au karibu sana, maana kopo pana linapokea zaidi lakini pia linayatandaza zaidi. Hapo unaweza kuwapa jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Wapime paa la nyumba yao kwa hatua, wakadirie lita zilizoanguka usiku mmoja. Mama mwenye ndoo chini ya mchirizi atavutiwa na hesabu hiyo kuliko mtu yeyote, na mama akivutiwa, mtoto anapewa nafasi ya kusoma.

Kazi yote hiyo inaingia kwenye meseji mbili za kawaida, au sauti ya dakika mbili. Sauti isizidi dakika tatu, mtoto hupoteza uzi na kaka yake anataka simu. Redioni, ongea na kipaza sauti kama unavyoongea na mtoto mmoja, kisha nyamaza. Ukiuliza swali, acha sekunde kumi za kimya kweli kweli, ajibu kwa sauti huko aliko, ndipo useme jibu. Mtangazaji atakuhimiza ujaze kimya kile, usikubali. Mtindo huo wa redio inayomngoja mwanafunzi ulitumika Nicaragua kwa hisabati miaka ya 1970, Kenya kwa Kiingereza miaka ya 1980, na baadaye Zanzibar kwa watoto wadogo.

Sisi wenyewe tunayo historia ya redio inayotendesha watu kazi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kitabu mkononi, kiongozi wa kikundi katikati, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Nguvu yake ilikuwa kile kikundi na kile cha kwenda kufanya. Nawe gawa watoto kwa vitongoji, watatu watatu au wanne wanne, kila kikundi kiwe na redio moja au simu moja na mzazi mmoja anayejua kinachoendelea. Yule msichana mwenye mtoto mgongoni akiwa na wenzake wawili, mmoja atamshikia mtoto, mmoja ataandika. Karatasi za kazi zigawe mapema, kabla njia hazijakatika, maana karatasi haihitaji chaji.

Kuna jambo moja ambalo usiliache litajwe na mtu mwingine. Usiwaagize kazi yoyote inayowapeleka mtoni au kwenye maji ya mafuriko, hata kuchota kikombe cha kupima tope. Unakijua kilichomo: mamba, viboko, kichocho. Maji ya majaribio yawe ya mvua au ya ndooni. Kwenye umeme tumia betri za tochi peke yake, soketi ya ukutani isiguswe, na moto usiwashwe bila mtu mzima. Wakitengeneza chujio la mchanga na mkaa kwenye chupa ya plastiki, rudia mara mbili kwamba maji yaliyotakata kwa macho bado ni ya kuchemshwa. Haya yaseme mwanzoni mwa kipindi, kabla mtoto hajakimbia kutafuta kopo.

Kuhusu njia ya kurudi, chagua saa moja kwa wiki, tuseme Alhamisi jioni, ambapo mtoto anaweza kubipu nawe ukampigia, au kutuma meseji ya swali. Omba kamati ya shule ichangie vocha, usiibebe kwa mshahara wako. Kipindi cha wiki inayofuata kianze kwa maswali matatu ya watoto, yakitajwa kwa kitongoji yalikotoka. Mtoto akisikia swali lake redioni, kitongoji kizima kitalisikia kesho yake asubuhi.

Na jiandae kwa swali ambalo naamini litakufikia kutoka ng'ambo kabla ya masika kwisha: "Mwalimu, kopo langu ni kavu siku ya tatu leo, mbona mto umepanda?" Usilijibu siku hiyo hiyo. Lisome redioni kama lilivyo, na uwaombe watoto wote waandike wanavyodhani. Wiki inayofuata uwaambie wamuulize mzee yeyote wa kitongoji maji ya Rufiji yanatoka wapi, ndipo uwapeleke, kwa maneno tu, juu hadi Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, ambako mvua ile ilinyesha siku kadhaa kabla.